Safari ya Samarkand: Kumtafuta Mfalme Aliyepima Nyota

Siku ya 1, Machi 18. Unguja

Ami ndiye aliyenisindikiza uwanja wa ndege. Njia nzima kutoka Makunduchi hakusema kitu. Tulipofika mlangoni akaniinamia sikioni: "Mwalimu, huko uendako si ndiko kwa mafundi wa falaki? Basi niulizie nyota yangu. Mwaka huu mambo yananiendea kombo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwetu neno falaki limeshachukuliwa na watu wa ramli. Ukisema unapenda falaki, mtu anakutajia jina lake na la mama yake umpigie hesabu ya abjadi, umtajie buruji yake, yaani nyota yake ya kuzaliwa, umwambie asisafiri siku gani. Marehemu babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alikuwa na daftari la jalada jeusi. Ukilifungua kulia unakuta miongo ya mwaka, pepo na nyota za kuongozea chombo. Ukilifungua kushoto unakuta buruji kumi na mbili na nani asimuoe nani. Miaka yote nimesoma upande mmoja tu wa daftari lile, na ule mwingine nimeuonea haya. Nimelitia mkobani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba majedwali ya saini (sine), yale ya hesabu za pembe, hayakushushwa, kuna watu walikaa wakayapiga tarakimu kwa tarakimu. Nakwenda kuona walipokaa. Aliyewakusanya ni Ulugh Beg, mjukuu wa Timur yule mshindi wa vita. Jina lake la kuzaliwa ni Muhammad Taraghay, na Ulugh Beg ni lakabu tu, maana yake bwana mkubwa. Alizaliwa Machi 1394 huko Sultaniyya, Iran, babu yake akiwa vitani. Alipofika miaka 15 baba yake, Shah Rukh, akamkabidhi Samarkand, mji ulioko Uzbekistan ya leo. Babu aliuteka ulimwengu kwa upanga. Mjukuu kwenye vita hakuwa na bahati sana, lakini kwenye pembetatu hakuwa na mfano.

Siku ya 2, Machi 19. Tashkent

Baridi! Koti nililoazima kwa shemeji ni la Lushoto, si la huku. Sanduku limechelewa Istanbul, nimeahidiwa litafika kesho. Nimekunywa chai ya kijani isiyo na sukari kwenye bakuli dogo lisilo na mkono, wao wanaita choy. Jioni nzima nimekuwa nikikusanya maneno kama mtoto anayeokota kombe: kitabu ni kitob, hesabu ni hisob, wakati ni vaqt, habari ni xabar, daftari ni daftar. Nikamwonyesha mpokea wageni daftari la babu, nikasema "daftar". Akatikisa kichwa kwa furaha, akaniongeza chai.

Siku ya 3, Machi 20. Samarkand

Treni ya mwendo kasi inaitwa Afrosiyob. Zaidi ya kilomita 300 kwa saa mbili na dakika chache, nje mashamba ya pamba bado matupu na milima ina theluji.

Registan ni uwanja wenye madrasa tatu zinazotazamana. Watalii wengi wanapiga picha na ile yenye wanyama wanaofanana na chui mlangoni, Sher-Dor, kumbe ilijengwa karne ya 17. Mimi nilikwenda moja kwa moja upande wa magharibi, madrasa ya Ulugh Beg, iliyojengwa kati ya 1417 na 1420. Juu ya tao la mlango zimetandazwa nyota za vigae, buluu juu ya rangi ya udongo. Ndani, vyumba vya wanafunzi vimegeuzwa maduka ya skafu na sahani. Nilimuuliza mwenye duka mmoja kama anajua nani aliishi chumba kile. "Talaba," akajibu. Mwanafunzi. Kisha akanionyesha skafu.

Humu alifundisha Qadi Zada, mtu aliyetoka Bursa nchi za Rumi, Uturuki ya leo, kufuata elimu ya hesabu, akabaki. Kuna kisa chake nakipenda. Inasimuliwa kwamba Ulugh Beg alimfukuza mwalimu mmoja wa madrasa. Qadi Zada akaacha kwenda darasani. Mfalme akadhani anaumwa, akamwendea nyumbani kumjulia hali, akamkuta mzima wa afya. Akamwambia: nilidhani ualimu ndiyo kazi pekee isiyoweza kuondolewa kwa amri ya mtawala, kumbe nayo iko mikononi mwako, basi sina haja nayo. Ulugh Beg akaomba radhi, akamrudisha yule mwalimu. Nimefundisha shule nne za serikali, nimehamishwa mara tatu kwa barua ya mistari miwili. Kisa hiki nilikisoma mara ya kwanza nikiwa ndani ya daladala nikiihama shule ya tatu.

Jioni pilau. Wao wanaiita palov au osh. Mchele, karoti nyingi za manjano, nyama juu, na hapa Samarkand hawaichanganyi, kila tabaka linakaa peke yake. Pembeni kachumbari ya nyanya na vitunguu. Hakuna mdalasini, hakuna karafuu, ipo bizari nyembamba tu. Nikala nikasema alhamdulillah, lakini moyoni nilijua mke wangu angesema nini.

Siku ya 4, Machi 21. Navruz

Leo mwaka mpya wao. Usiku wa jana mtaani kwa mwenyeji wangu wanawake walipika sumalak, uji mzito wa ngano iliyooteshwa, unakorogwa usiku kucha usishike chini. Hutiwa mawe madogo safi ndani ya sufuria ili usiungue, na anayekuta jiwe bakulini mwake huomba jambo. Mimi sikukuta jiwe.

Nikawaeleza kwamba na sisi Makunduchi tunayo Nairuzi, tunauita Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa migomba na kibanda huchomwa moto. Wakafurahi, wakauliza: nanyi pia leo? Hapana, nikasema, yetu ni Julai. Wakatazamana. Mzee mwenye nyumba akauliza swali ambalo ningependa mwanafunzi wangu aliulize: kama ni Navruz ileile, imefikaje Julai?

Nikatoa daftari la babu. Mwaka wa mabaharia wetu ni miongo 36 ya siku kumi kumi, ukiongeza siku tano za gatha: siku 365 kamili. Hauna mwaka mrefu. Lakini jua halimalizi mzunguko wake kwa siku 365, hubakisha karibu robo ya siku. Robo nne ni siku nzima, kwa hiyo kila miaka minne Nairuzi yetu inarudi nyuma siku moja katika kalenda ya ukutani. Wageni walioiona Unguja katikati ya karne ya 19 waliiandika mwishoni mwa Agosti. Siku hizi ni Julai. Wajukuu wa wajukuu zetu wataogea Juni.

Na ile robo yenyewe, ni robo kasoro ngapi? Hilo ndilo Ulugh Beg alitaka kulijua. Alipata mwaka wa jua kuwa siku 365, saa 5, dakika 49 na sekunde 15. Vipimo vya leo vinasema alizidisha sekunde 25 hivi. Kwa mwaka mzima! Saa ya ukutani shuleni kwetu inapoteza zaidi ya hapo kabla ya kengele ya mapumziko.

Mzee akachukua daftari, akalipekua kutoka kushoto, akakuta michoro ya buruji. Akaitambua yote. Niliona haya tena, ingawa yeye alikuwa akitabasamu.

Siku ya 5, Machi 22. Kilimani

Sikukusudia ila imetokea: leo ni tarehe aliyozaliwa Ulugh Beg. Sanduku limefika pia.

Jumba lake la kuangalizia nyota lilikuwa juu ya kilima nje kidogo ya mji, kilichoitwa Kuhak. Lilijengwa miaka ya 1420, duara kubwa la ghorofa tatu, upana wake mita 46 hivi. Leo juu ya ardhi hakuna ila alama ya msingi. Kwa karne nyingi hata mahali penyewe palisahauliwa, mpaka mwaka 1908 Vasily Vyatkin, Mrusi aliyekuwa akichimbua mambo ya kale, aliposoma hati ya wakfu iliyotaja mipaka ya kilima hiki. Hati ya wakfu, jamani! Karatasi ya shamba la nani limepakana na nani. Akachimba akakuta mfereji wa mawe unaozama ndani ya mwamba. Kaburi lake Vyatkin liko hapahapa, karibu na alichokipata.

Unaingia kibandani, unasimama kwenye kizuizi, unatazama chini. Mwanzoni macho hayaelewi. Kisha unaona kuta mbili sambamba za mawe ya marumaru zikijipinda kama reli za treni zinazoteremka kisimani, mita 11 hivi kwenda chini. Nilisimama pale muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuona kama ni mzima.

Ndicho kilichobaki cha chombo chake, tao la duara lenye nusu kipenyo cha mita 40. Darasani kwetu tunatumia kipimapembe cha plastiki, na kila nyuzi moja ukingoni mwake haifiki milimita moja. Hapa nyuzi moja ni sentimita 70. Kila nyuzi ina dakika 60 na kila dakika sekunde 60, basi dakika moja ni zaidi ya sentimita moja, unaweza kuifunika kwa kidole. Sekunde tano za nyuzi ni kama milimita moja. Hakukuwa na darubini duniani wakati huo, ingekuja karibu miaka 200 baadaye. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja: ukitaka kuona kidogo zaidi, jenga kikubwa zaidi.

Namna kilivyofanya kazi ni rahisi mpaka inaudhi. Tao limelala kaskazini kusini. Juu, upande wa kusini, kuna tundu. Adhuhuri jua likivuka mstari wa kati, mwale unapita tunduni na kuangukia marumaru gizani. Mtu anaandika palipoangukia. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Katikati ya Juni jua hapa hufika karibu nyuzi 74 kutoka upeo, Desemba hushuka mpaka 27. Tofauti yake ni 47, gawa kwa mbili unapata mlalo wa njia ya jua. Watoto wangu wa kidato cha pili wanaweza. Ila Ulugh Beg hakuandika "23 na nusu", aliandika nyuzi 23, dakika 30, sekunde 17, akakosea kama nusu dakika tu kwa mlalo wa zama zake.

Kwetu Unguja chombo hiki kingekuwa na umbo jingine kabisa. Sisi tunalo jua la utosi, mara mbili kwa mwaka kivuli cha mtu kinamezwa na nyayo zake.

Majedwali nayo. Aliyeyabeba kwa sehemu kubwa ni Jamshid al-Kashi kutoka Kashan, fundi ambaye mwaka 1424 alikuwa ameshapata uwiano wa mzingo na nusu kipenyo kwa tarakimu 16 za desimali. Saini ya nyuzi 3 inapatikana kwa jiometri ya kawaida. Saini ya nyuzi 1 haipatikani hivyo, kwa sababu kuigawa pembe sehemu tatu kunakuletea mlinganyo wa kipeo cha tatu. Al-Kashi akafanya hivi: kisia jibu, liingize kwenye mlinganyo, utatoka na jibu lililo karibu zaidi, liingize hilo tena. Kila duru tarakimu nyingine inatulia. Kompyuta zetu zinafanya mtindo huohuo. Yeye alikuwa na kalamu ya mwanzi.

Huyu al-Kashi alimwandikia baba yake barua kutoka Samarkand, nazo zimebaki. Humo anamsifu mfalme kwamba amehifadhi sehemu kubwa ya Kurani, na kwamba siku moja akiwa juu ya farasi alipiga kichwani hesabu ya mahali pa jua kwa tarehe ya zamani, akapata mpaka dakika. Anasema pia mfalme hapendi mtu akubali jambo kwa adabu tu, anataka wabishane naye. Nimewasoma wafalme wengi wanaosifiwa na waajiriwa wao, lakini sifa ya kuruhusu kubishiwa huwa hawaibuni.

Ndani ya makumbusho madogo ya jirani kuna picha ya duara la sayari. Nikasoma majina kwa sauti: Utorid, Zuhra, Mirrix, Mushtariy, Zuhal. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Mwanamke mwongozaji akageuka: umesoma Kiuzbeki wapi? Nikasema mimi nimesoma Kiswahili.

Ndiye aliyenieleza kwamba jumba lilibomolewa mara tu alipouawa, 1449. Sikubishana naye, lakini Babur, aliyeiteka Samarkand mwishoni mwa karne ile, ameandika kwamba jumba la ghorofa tatu lipo. Nadhani halikubomolewa kwa siku moja. Liliachwa, na matofali mazuri yakiachwa hayakai bila mwenyewe. Wanaojua magofu ya pwani yetu wananielewa.

Kisha akanionyesha nakala ya Zij, kitabu kilichokamilika mwaka 1437: nyota 1,018, na sehemu nne. Ya kwanza kalenda za mataifa. Ya pili hesabu za pembe na wakati. Ya tatu mwendo wa jua, mwezi na nyota. Ya nne?

"Utabiri," akasema. "Buruji za watu."

Nikakaa kitako kwenye benchi. Nimesafiri mabara mawili ili nimtenge mtu huyu na upande wa kushoto wa daftari la babu, kumbe kitabu chake mwenyewe kina upande wa kushoto.

Siku ya 6, Machi 23. Gur-e Amir

Mvua. Kuba la buluu lenye mbavu mbavu. Ndani Timur amelala chini ya jiwe la kijani cheusi, ambalo Ulugh Beg mwenyewe alilileta akitoka vitani mwaka 1425. Mjukuu amelazwa miguuni kwa babu.

Inasimuliwa kwamba nyota zilimwambia Ulugh Beg kuwa mwanawe mkubwa, Abd al-Latif, ndiye atakayemmaliza, akaanza kumbagua na kumpendelea mdogo wake. Kama ni kweli sijui niseme nini, maana mtoto anayebaguliwa hahitaji nyota kumfundisha chuki. Shah Rukh alipofariki 1447, ukoo wote ukashikana mashati kugombea kiti. Baba na mwana wakapigana karibu na Samarkand mwaka 1449, baba akashindwa. Akaomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akapewa. Hakufika mbali. Mwishoni mwa Oktoba walimfuata njiani, akakatwa kichwa.

Juni 1941 wataalamu wa Kisovieti, akiwemo Mikhail Gerasimov, walifungua makaburi haya. Timur kweli alikuwa kilema wa mguu wa kulia. Na Ulugh Beg walimkuta amezikwa na nguo zake, kama anavyozikwa shahidi, shingo imekatwa. Hadithi kwamba laana ya kaburi la Timur ndiyo iliyoleta vita vya Hitler, kila dereva wa teksi atakusimulia, mimi naiacha kwao.

Siku ya 7, Machi 24

Asubuhi Shah-i Zinda, anapozuriwa Qutham bin Abbas, binamu wa Mtume. Watu huhesabu ngazi wakipanda na wakishuka, hesabu zikilingana ni dalili njema. Mimi mwalimu wa hesabu nilipata tofauti ya moja. Baadaye uani kwa msikiti wa Bibi Khanym nikaona marufaa kubwa ya mawe aliyoitoa Ulugh Beg, ya kuwekea msahafu ambao nadhani ulihitaji watu wawili kuufungua. Sokoni Siyob nikanunua mikate minne, mizito, inang'aa, katikati imechapwa mihuri. Wanasema haiharibiki haraka. Jioni treni, usiku ndege.

Siku ya 8, Machi 25. Istanbul

Nina saa kumi kabla ya ndege ya Unguja. Nimekwenda Eyüp, alikozikwa Ali Qushji.

Baba yake alikuwa mtunza kozi wa mfalme, ndiyo maana ya jina lake. Al-Kashi alikufa 1429, Qadi Zada naye akafuata, kazi ya Zij ikamwangukia kijana huyu akaimaliza. Katika dibaji Ulugh Beg anamwita mwanawe. Mwana wa damu alimuua. Huyu wa dibaji, bwana wake alipokwisha kufa, alihama na elimu yake mpaka Tabriz, kisha akaitwa na Sultan Mehmed, akaja kufundisha hapa kwenye madrasa ya Ayasofya hadi alipofariki 1474. Majedwali yakatembea. Thomas Hyde aliichapa orodha ya nyota Oxford mwaka 1665. Jai Singh wa Jaipur aliyasoma kabla ya kujenga ala zake kubwa za mawe karne ya 18.

Makaburi ya Eyüp ni mengi, mawe yamevaa vilemba. Nilitafuta mpaka muda ukanibana, sikulipata. Nikasoma Fatiha pale nilipokuwa, nikakimbilia basi.

Siku ya 9, Machi 26. Makunduchi

Mama amelowesha mkate wa Samarkand kwenye chai ya tangawizi, amesema umekaa kama mkate wa ufuta wa juzi. Baada ya isha Ami akaja, akakaa barazani, hakuuliza safari.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Nyota yangu?"

Nikamwambia habari za mfalme aliyeandika nyota 1,018. Kwamba katika hizo, 27 hakuweza kuzipima kutoka kwake, ziko kusini mno, akazichukua kutoka kwa as-Sufi aliyemtangulia. Kwamba alijua na buruji pia, na mwanawe alimkata kichwa.

Ami akamega mkate. "Na huyo mwana?"

"Hakumaliza mwaka. Miezi sita wakamuua naye, kichwa wakakitundika kwenye lango la madrasa ya babaye."

Akatafuna kimya. Umeme ulikuwa umekatika, mbingu iko wazi mpaka baharini. Nikamwonyesha kusini, juu ya minazi, Suheli inawaka peke yake, ile ambayo babu alikuwa akiishika kurudi nyumbani. Nikamwambia nimepiga hesabu nikiwa ndani ya treni: kutoka Samarkand Suheli haichomozi hata usiku mmoja wa mwaka.

"Hakuwahi kuiona?"

"Kutoka kule, hata mara moja."

Ami akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Mfalme gani huyo," akasema, "hamjui Suheli." Akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine.